Shujaa Anasema "Nampiga" Tu: Mbinu za Vita Zilizozaliwa Milima ya Mbinga

Kwenye gemu za mezani za kuigiza wahusika, zile za karatasi, penseli na dadu yenye pande 20, kuna utani mmoja usiozeeka. Zamu ya mchawi ikifika, meza nzima inatulia. Mchawi anapekua kitabu chake na kuchagua: awashe moto, apotee machoni pa watu, awalaze walinzi usingizi, au asimamishe ukuta wa barafu katikati ya korido. Zamu ya shujaa mwenye upanga ikifika, anasema neno moja: "Nampiga." Dadu inarushwa. Zamu inayofuata? "Nampiga tena."

Utani huu una historia. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974, ilikuwa imezaliwa kutokana na michezo ya kupanga majeshi ya sanamu juu ya meza. Shujaa akapewa ruhusa ya kushika silaha yoyote, kuvaa deraya yoyote na kustahimili kipigo kuliko wenzake. Basi. Tangu hapo watengenezaji wamehangaika na jambo hilohilo. Toleo la 2008 lilimpa shujaa mbinu kibao, zikiwemo za kumlazimisha adui apambane naye yeye badala ya kumrukia rafiki yake dhaifu, na mashabiki wengine wakanuna eti amegeuzwa mchawi aliyevaa chuma. Toleo la 2014 likaja na aina ya shujaa mwenye dadu za ziada: anaweza kumwangusha adui, kumsukuma nyuma, kumpokonya silaha, au kumfungulia mwenzake nafasi ya kupiga.

Mtu mwenye mkuki na ngao, asiye na uchawi wowote, ana chaguo ngapi kweli? Kuna watu walilijibu swali hili bila dadu na bila nafasi ya kuanza upya wakifa. Waliishi kusini magharibi mwa Tanzania, kati ya Songea, milima ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, katika karne ya 19. Wengi wao hakuna aliyeandika majina yao.

Waanze wenye sifa. Wangoni walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakikimbia vita vilivyomwinua Shaka wa Wazulu. Kundi lao kubwa lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likapanda hadi Ufipa, kiongozi wao akafariki huko miaka ya 1840, na jeshi likagawanyika. Baadhi wakaelekea mashariki mpaka nchi inayoitwa leo Songea. Kundi jingine lilifika huko kwa njia yake upande wa mashariki wa ziwa. Wakagombana wenyewe kwa wenyewe, wengine wakarudishwa kusini ng'ambo ya Ruvuma, na waliobaki wakasimamisha falme mbili: Njelu na Mshope.

Sasa mtazame mpiganaji mmoja wa Kingoni kama vile ni mhusika kwenye karatasi ya gemu. Mkononi ana mkuki mfupi wa kuchoma kwa karibu, rungu, na ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe. Mtu wa kawaida ataishia hapo, ahesabu pointi za silaha na kuendelea. Lakini mkuki mfupi peke yake ni silaha mbaya. Ukimrushia mtu, umebaki mikono mitupu. Usipomrushia, lazima umsogelee huku yeye akikulenga kwa mishale. Una maana tu ukiwa na ngao ya kukufikisha karibu, na ngao ina maana tu ukiwa na mwenzako kulia na kushoto. Yaani nguvu yote ya huyu jamaa ilikuwa nje ya mwili wake, kwenye kikosi cha rika lake.

Kikosi ndicho kilichokuwa na mbinu. Ile maarufu ni ya kichwa cha ng'ombe: kifua kinamkabili adui uso kwa uso na kumshughulisha, pembe mbili zinakimbia pembeni kumzunguka, na wengine wanasubiri nyuma waingie pale mambo yanapokwama. Kijana aliyepangwa kifuani hakuwa na kazi ya kuua watu wengi. Kazi yake ilikuwa kutovunjika mpaka pembe zikutane. Watengenezaji wa gemu walihitaji zaidi ya miaka 30 kumwandikia shujaa kanuni ya kumshikilia adui mahali pamoja. Kwa Wangoni ilikuwa kazi ya kila siku ya watu ambao hakuna aliyewatungia sifa.

Halafu kulikuwa na chaguo la mahali na wakati. Jeshi la Wangoni lilisifika kwa kutembea. Mwaka 1882 Wangoni wa upande wa Songea, wakiitwa Magwangwara, waliishambulia misheni ya Waingereza kule Masasi, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao, kwa miguu. Anayeweza kutokea mbali kiasi hicho anachagua siku, na mwenye kuvamiwa hana la kuchagua.

Na chaguo lililowapa ukubwa wao halikuwa la kuua kabisa. Vijana waliotekwa waliingizwa vikosini, wakapewa ngao, wakafunzwa, na waliofanya vizuri walipanda cheo. Kadiri karne ilivyosonga, sehemu kubwa ya "Wangoni" waliokuwa wakivamia vijiji ilikuwa watoto na wajukuu wa watu waliovamiwa. Hata lugha ilisalimu amri: Kingoni cha Songea leo kiko karibu zaidi na lugha za majirani zake kuliko na Kizulu. Hiyo ni mbinu isiyoonekana kwenye gemu nyingi, ambako adui aliyeshindwa anaacha sarafu chache na kuyeyuka.

Hapo ndipo hadithi nyingi za mtandaoni zinapoishia. Wangoni mashujaa, picha ya ngao, emoji ya moto, kwisha. Wamatengo wakitajwa, wanatajwa kwa utani: wale waliokimbilia milimani. Ni utani wa watani na haumuumizi mtu sana, lakini kama historia ya vita una kasoro kubwa, kwa sababu unahesabu kukimbia kama sifuri.

Wachezaji wa bao wanaelewa jambo hili kuliko mashabiki wa filamu. Kwenye bao kuna zamu ya kula na kuna zamu ya kutakata. Anayetakata hali kete ya mtu. Anazungusha kete zake upande wake, na akiwa fundi, anaacha nyumba zake zimekaa vizuri kuliko mwanzo. Mtazamaji mgeni anaona hakuna kilichotokea. Mwenye kujua bao anakuna kichwa.

Wamatengo walipobanwa na mashambulizi ya katikati ya karne ya 19, walikuwa koo ndogo ndogo, kila moja na mambo yake. Hawakuwa na jeshi la rika wala ngao za ng'ombe za kutosha kusimama uwanjani. Kwa lugha ya mezani, shujaa wao alikuwa wa daraja la kwanza akikutana na kikosi cha daraja la kumi. Angesema "nampiga" angekufa zamu hiyohiyo, na wapo waliokufa hivyo. Walichofanya wengine ni kupanda. Milima ya Umatengo ina miteremko inayochosha hata mtu asiyebeba kitu, na vilele vyake vinafika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Walijificha kwenye mapango na kati ya majabali, na maeneo kama Litembo bado yanahusishwa na kumbukumbu hizo.

Sasa ile pembe ya ng'ombe ipeleke huko. Pembe inahitaji uwanja wa kukimbilia. Kwenye ukingo mwembamba wa mlima hakuna pa kukimbilia. Kifua kinahitaji mstari. Kwenye kijia cha mbuzi mstari unakuwa foleni. Ngao kubwa inamlinda mtu dhidi ya aliye mbele yake, lakini aliye juu akisukuma jiwe, ngozi ya ng'ombe haisaidii kitu. Na kwenye mdomo wa pango wanaingia watu wawili, labda watatu, hata kama nje kuna mia tano. Mmatengo aliyesimama pale na mkuki wa kawaida hakuwa amepata nguvu mpya. Alikuwa amemnyima mwenzake zake. Kila kilichomfanya Mngoni awe Mngoni kilibaki chini, bondeni.

Msimamizi yeyote wa gemu anajua kero hii: wachezaji wanapokataa kupigana kwenye uwanja uliouchora na kwenda kujibanza kwenye ngazi nyembamba. Anaweza kukasirika, lakini kanuni ziko upande wao.

Ila pango lina tatizo ambalo gemu hulipuuza, nalo ni njaa. Kwenye karatasi ya mhusika chakula ni kamstari kadogo, mgao wa siku kadhaa, na nusu ya meza hawahesabu kabisa. Milimani Umatengo hicho ndicho kilikuwa kiini cha vita. Ukishaingiza watu wengi kwenye miteremko mikali, udongo utaliwa na mvua misimu michache tu, na mtalazimika kushuka. Mvamizi hahitaji hata kupanda, anasubiri.

Jibu lao linaonekana mpaka leo kwa yeyote anayepita barabara za Mbinga akaangalia milima iliyojaa vishimo kama sega la nyuki. Ni ngoro. Mvua zikielekea mwisho, mwezi Machi hivi, nyasi zinafyekwa, zinaachwa zikauke, kisha zinalazwa kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya zile nyasi, hivyo kila mraba unakuwa shimo lenye kuta. Maharage yanapandwa kwenye kuta, na msimu unaofuata mahindi. Maji ya mvua yanatua shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi. Wanawake ndio huchimba na kupanda. Wataalamu wengi waliochunguza kilimo hiki wanahusisha kukua kwake na kipindi hicho cha kubanwa milimani, watu wengi kwenye ardhi ndogo yenye mteremko.

Kwa hiyo kama kuna silaha iliyowazuia Wangoni kule Umatengo, sehemu kubwa yake ilishikwa na mwanamke mwenye jembe. Hakuna sanamu yake popote. Hata jina la aliyeanza kuchimba mraba wa kwanza halipo.

Tena mlima uliwabadilisha wenyewe. Koo zilizokuwa zikijitegemea zilianza kushikamana na kufuata viongozi wenye sauti pana zaidi, maana pango moja haliwezi kulindwa na kila mtu kwa ratiba yake. Wapo pia waliochagua njia nyingine: kutoa kodi, kuoza mabinti, kujiunga na vikosi vya Wangoni na kurudi wakiwa wao ndio wenye ngao. Si kila familia ilikuwa na mlima karibu, na anayewalaumu leo akiwa na simu mkononi ajiulize angefanya nini.

Ukishuka upande wa magharibi, ardhi inateremka mpaka Ziwa Nyasa: Lituhi, Liuli, Mbamba Bay. Watu wa mwambao hawakuwa na pango la kutosha, ila walikuwa na maji, na Wangoni hawakuwa mabaharia. Wasafiri wa Kizungu waliozunguka ziwa kwa boti miaka ya 1870 waliona kwenye pwani ya mashariki vijiji vilivyosimamishwa juu ya nguzo ndani ya ziwa, na watu waliofika kwao kwa mitumbwi. Wazo ni lilelile la mlimani. Kikosi cha watu elfu moja kinafika ufukweni, kinatazama nyumba zile mita chache mbele, na mbinu zake zote zinaishia kwenye kina cha kiuno. Hata wamisionari walijifunza. Baada ya kipigo cha Masasi, wenzao walipotafuta makao ziwani katikati ya miaka ya 1880, walichagua Likoma, kisiwa, na usalama dhidi ya mashambulizi ya Wangoni ulikuwa sababu mojawapo kubwa.

Maisha ya juu ya nguzo hayakuwa ya starehe hata kidogo. Shamba liko nchi kavu, na nchi kavu ndiko adui aliko. Kulima kulikuwa sawa na kwenda doria.

Halafu akaja adui asiyejali uwanja. Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897, na mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipolipuka kutoka Umatumbi, Wangoni wakaingia. Hapa watu wa gemu husisimka, maana hatimaye kuna uchawi mezani: dawa ya maji iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji. Wengi huishia kuicheka au kuisikitikia. Lakini iangalie kama mbinu. Maji hayakuzuia risasi hata moja. Yalichofanya ni kuwaweka upande mmoja watu wa makabila zaidi ya kumi, wengine wakiwa wameumizana kizazi kizima, tena bila simu wala barua. Hakuna nduna wala mfalme aliyewahi kufanya hivyo kwa mkuki.

Tatizo lilikuwa kwamba dawa ilimrudisha mpiganaji kwenye lile neno moja. Kama risasi haikuui, hakuna sababu ya kujificha, kuzunguka, wala kusubiri giza. Unasonga mbele tu. Oktoba 21, 1905, Wajerumani waliotoka Mahenge na bunduki za rashasha waliishambulia kambi ya Wangoni wapatao 5,000. Kikosi kilichokuwa na mbinu nyingi kuliko jeshi lolote la eneo lile kilikutana na mashine ambayo kazi yake ilikuwa kupiga, na kupiga tena.

Walionusurika walirudi haraka kwenye mbinu za waliokuwa wakiwavamia: vikundi vidogo, msituni, kuvizia, kuvuka Ruvuma. Kwa maneno mengine, Wangoni wakawa Wamatengo. Na Wajerumani wakagusa kile kamstari kadogo cha karatasi ya mhusika. Walichoma maghala, wakateketeza mashamba, wakazuia watu kupanda. Februari 27, 1906 walinyonga mjini Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, na kila mwaka watu hukusanyika kwenye makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka. Njaa iliyofuata haikuwa na siku moja ya kukumbukwa. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikiri vifo 75,000 katika vita vyote. Wanahistoria wengi wanataja 250,000 hadi 300,000, na sehemu kubwa walikufa kwa njaa, si kwa risasi.

Kuna kisa kingine cha mwambao ambacho wapenda gemu hawapaswi kukosa, ingawa hakina mkuki. Agosti 13, 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa na siku chache tu, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilitokeza Liuli, wakati ule Wajerumani wakiuita mji huo Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake lenye umbo la ajabu. Meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Waingereza wakafyatua mzinga na kuilemaza. Nahodha wa Kijerumani, inavyosimuliwa, alikuja na kiboti akimfokea mwenzake, rafiki yake wa kunywa naye, akidhani ni ulevi. Hakuwa amepata habari kwamba kuna vita. Shambulio la ghafla kwa mtu ambaye hajui hata kama gemu imeanza: kwenye meza nyingi msimamizi angeshtakiwa kwa uonevu.

Baada ya vita ile vijana wa mwambao na wa milimani walicheza mganda, ngoma ya mistari iliyonyooka, mavazi nadhifu na hatua za pamoja, iliyokopwa kwenye gwaride na bendi za askari wa kikoloni. Wangoni nao wana lizombe yao. Anayeitazama mganda kwenye klipu za TikTok ataona wazi kwamba utamu hauko kwa mchezaji mmoja mwenye mbwembwe. Uko pale mstari mzima unapogeuka kwa pamoja na asibaki mtu.

Anayetaka kumpeleka mpiganaji wa Mbinga mezani wikiendi hii ana kazi, maana karatasi ya kawaida haina pa kumwandika. Kuna nafasi ya upanga, deraya na pointi za uhai. Hakuna nafasi ya mteremko, wala ya jirani aliyekubali kulinda mdomo wa pango zamu ya usiku, wala ya ghala la maharage. Msimamizi mwenye moyo anaweza kuongeza kanuni tatu za kwake: mwenye kushika mahali pembamba apewe dadu ya ziada, adui aliyezoea uwanja apoteze mbinu zake mlimani, na kila siku saba watu wote mezani wahesabu chakula kwa sauti. Meza zitalalamika kuhusu hiyo ya tatu. Huko Mbinga, mvua zikianza kupungua, miraba inachimbwa upya.